Mtumbwi Usio na Taa

Nilitumwa kupeleka chaja tu.

Butoyi aliisahau kwenye kibanda chetu cha soda hapa Gungu, na tangu siku hiyo hakuonekana tena. Simu yake haikupatikana. Kaka yangu Wilfred akaniambia, "Shukrani, mpelekee jamaa chaja yake, asije akasema tumemwibia." Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo. Nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva anipeleke Kasingirima, mtaa wa kina Butoyi, na moyoni nilikuwa na furaha ambayo Wilfred hakuijua. Nilikuwa nampenda Butoyi. Nilimpenda kimyakimya, muda mrefu, na ile chaja ilikuwa kisingizio kizuri sana.

Ngoja kwanza niwaeleze habari ya gemu, maana bila gemu hamtanielewa.

Wilfred ametengeneza gemu la simu linaloitwa Karabai. Amelitengeneza peke yake, chumbani, mpaka mama akadhani anaumwa. Unakuwa mvuvi wa dagaa. Unaanzia Kibirizi, unapanda na ziwa kwenda kaskazini, unapita Mtanga, unapita Mwamgongo, mpaka Kagunga kule mpakani na Burundi. Utamu wake ni kwamba ziwa ni moja kwa wachezaji wote. Mwenzako akiwa kwake Mwandiga na wewe upo Ujiji, unaona taa ya mtumbwi wake kwenye kioo chako, na jina lake juu ya taa. Ukiacha kucheza, taa yako inabaki palepale ulipoishia. Kibirizi ni bure. Ukitaka kwenda mbele unalipia, unatumiwa namba ya siri, unaiingiza, taa inawaka. Asiyelipia hana taa, na asiye na taa hatoki Kibirizi.

Kazi ya kukusanya malipo ni yangu, na ni kazi ya kukondesha. Mtu anakunywa soda mbili mbele yako, ukimwambia alipie gemu anakuuliza, "Kwani kaka yako si anakaa tu anabonyeza?" Mwingine anataka alipe yeye, wacheze ukoo mzima. Ninawasema kweli, sioni aibu, lakini na wao wananilipizia. Mimi mwenyewe hilo gemu siliwezi. Mpaka leo niko Kibirizi, mtumbwi unapinduka kabla sijashusha wavu, na kundi zima la wachezaji linanicheka.

Butoyi peke yake hakuwahi kunisumbua. Yeye alikuwa analipa mara mbili.

Mtu wa huku akisikia jina lake tu anajua. Kwa Waha na Warundi, pacha akitangulia kuzaliwa ni Bukuru, anayemfuata ni Butoyi. Bukuru alizama mwaka jana, wimbi liliwakuta wakivua, na ziwa halikumrudisha. Siku hiyo simu yake aliiacha nyumbani. Butoyi akawa anaibeba popote aendapo. Akifika kibandani anaziweka simu mbili mkekani, yake na ya Bukuru, anawasha gemu kwenye zote, anasogeza mtumbwi huu kidogo, kisha ule kidogo. Kwenye vioo vyetu tuliziona taa mbili zinakwenda sambamba. Hakuna aliyemtania kwa hilo.

Kisha Wilfred akatoa toleo jipya, kila mtu ikabidi alipie upya. Butoyi akatuma hela ya watu wawili kama kawaida. Safari hii Wilfred akaingiwa na huruma. Akasema, "Hatuwezi kula hela ya marehemu, Shu. Hii siyo haki." Akamrudishia nusu, akamtumia namba moja, ya Bukuru akaifunga.

Jioni hiyo Butoyi alinitumia ujumbe wa sauti. Aliongea kwa kunong'ona.

"Shukrani, mwambie kaka asinirudishie. Msinipe moja. Nakuomba sana... msinipe moja."

Wilfred akasema atazoea. Na mimi nikaona ni kweli, mtu lazima afike mahali amwachie ndugu yake apumzike.

Basi. Nipo juu ya bodaboda, giza linaingia, nikafungua kundi letu la Karabai kwenye simu. Saa hizo ndipo kila mtu anatangaza alipofika.

Yona alianza: "Mpo wapi wanangu? Mimi Mtanga, upepo unanipiga balaa."

Dunia akajibu: "Mtanga pia. Oya, nani anacheza bila taa? Kuna mtumbwi mweusi umenipita hapa, hauna hata jina."

Wilfred: "Haiwezekani. Asiye na taa hatoki Kibirizi. Hiyo hitilafu, nitairekebisha kesho."

Nikacheka. Wilfred na hitilafu zake. Halafu Assani akaandika.

"Hitilafu gani inapiga kasia, kaka? Umenipita Mwamgongo sasa hivi. Nimesikia kasia kabisa."

Wilfred: "Assani, sijaweka sauti ya kasia. Mitumbwi yote nimeiwekea injini."

Dereva akakata kona kuingia Kasingirima. Umeme ulikuwa umekatika, mtaa mzima mweusi. Nilizisoma jumbe mbili za mwisho mara mbili.

Assani: "Umeelekea Kagunga. Nani yuko Kagunga?"

Na Yona: "Huko ipo taa moja tu. Ya Butoyi."

Nikaingiza simu mfukoni. Nilijiambia ni gemu, na nyuma ya gemu ni kaka yangu asiyejua hata kupika uji. Nikashuka, nikamlipa dereva.

Kwa kina Butoyi mlango ulikuwa wazi, na nje ya mlango nikasimama. Harufu. Nyumba ile iko mbali na ufuko, juu kabisa, lakini ndani kulinuka ziwa. Siyo samaki wa kukaangwa. Maji ya chini, matope, kamba iliyolowa muda mrefu.

"Hodi..."

"Karibu, mwana wanje," sauti ikajibu kwa chini, ikiniita mwanangu kwa Kiha. Alikuwa mama yao, ameshika kandili. Kila mtu anamwita Mama Bukuru, kwa jina la mkubwa, hata baada ya msiba.

"Shikamoo mama. Nimemletea Butoyi chaja."

"Marahaba. Ongea polepole." Akaangalia nyuma ya mgongo wangu, gizani. "Umekuja peke yako?"

"Ndiyo, mama."

Akanivuta ndani akafunga mlango.

Butoyi alikuwa amelala mkekani. Mwanzo nilidhani ni jasho. Siyo jasho. Maji yalikuwa yanamtoka nyweleni, yanashuka shingoni, yanaingia kwenye shuka. Meno yalikuwa yanagongana. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi na ngozi ya vidole imekunjamana, kama mtu aliyefua kutwa nzima.

"Yuko hivi tangu lini?"

"Tangu mliporudisha ile hela." Mama Bukuru akakamua shuka ndani ya beseni. "Nabadilisha, inalowa. Nabadilisha, inalowa. Hosipitali wamesema malaria, wakatupa vidonge."

"Mama, Wilfred alifanya kwa wema tu."

"Ego, ndiyo, najua. Lakini pacha hawapewi kimoja, mwana wanje. Ukinunua shati, unanunua mawili. Ukitoa chakula, sahani mbili. Hata mmoja akiwa ametangulia. Yule anayenyimwa hagombani na wewe uliyemnyima. Anakwenda kwa mwenzake kudai haki yake."

Simu mbili zilikuwa juu ya stuli. Nikabonyeza ya Butoyi. Imekufa. Nikabonyeza ya Bukuru. Imekufa pia. Mimi ndiye niliyekuwa na chaja mkononi, na umeme hakuna. Hilo nawaapia.

Simu ya Bukuru ikawaka.

Ikawaka yenyewe, kwenye stuli. Kioo kilijaa maji meusi. Mbele, kwa mbali, taa moja ndogo, na juu yake jina: BUTOYI.

Na sauti ikaanza.

Chwa... chwa... chwa...

Kasia. Haikutoka kwenye simu. Ilitoka nje, upande wa ukuta, ikizunguka nyumba taratibu, kana kwamba uani kumejaa maji. Mama Bukuru akapuliza kandili. Sijui kwa nini alipuliza, mpaka leo sijamuuliza. Tukabaki na mwanga wa kile kioo. Taa ya Butoyi ilikuwa inakua. Inakaribia.

Chwa... chwa...

Ikasimama mlangoni.

"Na mimi?"

Ilikuwa sauti ya Butoyi. Lakini Butoyi alikuwa mkononi mwangu, midomo imefumbwa.

Nilimpigia Wilfred. Nilipiga mara ya kwanza nikakosea, mara ya pili akapokea.

"Kaka, nipe namba ya Bukuru."

"Ya nini tena? Si nilisema..."

"Wilfred! Nipe namba, mtu anakufa!"

Nadhani aliisikia sauti yangu, maana hakubisha. "Nakutumia. Usilipe, chukua tu."

Mama Bukuru akanishika kifundo cha mkono. "Siyo ya bure. Mwenzake amelipiwa. Na yeye alipiwe."

Nikatuma hela yangu mwenyewe. Namba ikaja. Nikaichukua simu ya Bukuru, ilikuwa imelowa, inateleza. Kwenye kioo mtumbwi mweusi ulikuwa umeshaufikia mtumbwi wa Butoyi, umeegemea ubavuni, na taa ya Butoyi ikaanza kuyumba. Nikaandika. Kioo kikaniambia nimekosea. Maji yalikuwa yanazuia kidole.

Butoyi akaacha kupumua.

Sikuwahi kuogopa vile maishani mwangu. Nilijifuta kidole kwenye sketi, nikaandika tena, tarakimu moja moja, nikizisema kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

Taa ikawaka.

Mtumbwi mweusi ukapata mwanga, na juu yake likatokea jina: BUKURU. Ukajitenga kidogo. Taa mbili, sambamba, kama zamani. Nje pakawa kimya, mbwa wa jirani akaanza kubweka, na Butoyi akakohoa maji mengi, akafungua macho.

"Shukrani," akasema. "Umemlipia?"

"Nimemlipia."

Nililia. Nilimkumbatia palepale kwenye mkeka uliolowa, mbele ya mama yake, sikujali chochote. Na neno nililolificha muda wote ule likanitoka lenyewe.

"Nakupenda, Butoyi."

Mama Bukuru, ambaye alikuwa anatafuta kiberiti, akaganda.

"Umesema nini?"

Nikarudia, kwa aibu sasa. Akakaa chini taratibu. Akaweka mikono kichwani.

"Mana yanje, Mungu wangu," akanong'ona. "Umempa mmoja."

Butoyi amepona. Ametumia vidonge vyake, na anayetaka kuamini kwamba ilikuwa malaria ana haki yake. Wilfred anasema simu za zamani huwa na moto kidogo unaobaki kwenye betri, na kwamba mtumbwi mweusi ulitokana na yeye kuifunga namba vibaya. Mchana namwamini. Butoyi ameshaongea na wazee, anataka kunioa. Nikienda kwao namimina chai vikombe viwili, nanunua mashati mawili, na hilo halinisumbui hata kidogo. Lakini lile neno sijui naligawaje, maana halikai kwa Butoyi, linakaa kwangu. Nimemuuliza Mama Bukuru nifanye nini. Nikiuliza anainamia kazi yake, anasema atanijibu.

Leo magharibi nilikuwa chumbani kwangu Gungu, najaribu tena kile kimtumbwi changu cha aibu. Nikafungua kundi.

Yona: "Mpo wapi wanangu?"

Assani: "Kagunga, nipo na Butoyi. Mbona leo ana taa moja?"

Dunia: "Ile nyingine imenipita Mtanga sasa hivi. Bukuru. Inawaka vizuri, lakini anarudi nyuma."

Assani: "Anarudi Kibirizi? Kibirizi kuna nani?"

Yona akaweka vikatuni vya kucheka, akaandika: "Hakuna mtu. Ni Shukrani tu."

Nimezima simu. Nimeiweka chini ya mto.

Bado nasikia kasia.