Kila Aliyekuja Kumkinga

Asubuhi hiyo Mzee Sixbert, mlinzi wa maabara pale Mbinga, ndiye aliyeanza kumwamkia Sekela.

"Shikamoo, mama."

Sekela alicheka. Binti wa Kyela, aliyeletwa huku kuchunguza jinsi virusi vya Ukimwi vinavyodhoofisha chembe za kinga, leo aamkiwe na mtu mwenye wajukuu! "Babu, unanitania?" Mzee hakucheka. Pumzi yake ilinuka tope la ziwani, na ziwa lenyewe liko huko chini, ng'ambo ya milima. Jioni alianguka getini, amekonda kama mgonjwa wa siku nyingi.

Kitu kikaanza kupumua ndani ya maabara. Sekela, mwoga asiyejua kuuficha woga wake, alimwita katekista Raimundi. Aliingia na rozari, akisali kwa sauti ya kujaza kanisa, akatoka ameinamisha macho. "Shikamoo, mama," alinong'ona, akinuka tope.

Akaletwa Bibi Restituta, mganga aliyesifika mwambao mzima wa Nyasa. Alifukiza ubani, akauliza, "Wewe ni nani? Unataka nini?" Kisha bibi aliweka chetezo chini, akapiga goti mbele ya Sekela, akamwamkia.

Ndipo Sekela alipoelewa, na kuelewa hakukumsaidia kitu, maana ndiyo kazi aliyoisomea: kirusi hakimkwepi askari wa mwili, humwingia yeye mwenyewe na kumfanya nyumba, na kadiri mwili unavyoita askari wengine ndivyo kinavyopata nyumba nyingine; na jini huyu vilevile alikuwa akiwataka wanaokuja kumkinga Sekela, na yeye kwa woga wake amewaita mmoja baada ya mwingine, na jana, Mungu wangu, alikuwa amempigia mama yake.

Alipiga tena. "Mama, usije. Nakusihi."

"Nimeshafika Songea. Mwanangu atishwe na jini, mimi nikae tu? Nani atakukinga?"

Sekela alilia. Alimpokea mama stendi, akampeleka nyumba ya wageni, mbali kabisa na maabara. Mama alimkumbatia, akamkaripia kwa kukonda, akapakua wali aliokuja nao. Moyo wa Sekela ukatulia kidogo. Walipomaliza kula, mama aliinuka kuosha sahani, akasimama pale karoni, amempa mgongo, maji yakimwagika.

"Mama?"

"Baba yako," sauti ilijibu taratibu, "mbona hujamwita?"