Mwendo wa Pole, Ufunguo wa Chini

Giza lilikuwa linaanza kuingia Fundi Nyuzi alipopiga hodi kwa mama yake mkubwa. Jina hilo alijipa mwenyewe. Wapiga gitaa wenzake walilitamka huku wakiguna. Alifuata gitaa la marehemu baba yake mkubwa, basi. Achukue, aage, aondoke.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Gitaa utapewa. Kwanza nipigie ule wimbo wake."

Akakunja uso. Wimbo wenyewe ulikuwa kantri ya zamani, muziki wa Kizungu wa majonzi, mwanamume kaachwa na mkewe, anamlilia mbele ya glasi. Vidole vinashika mahali patatu tu, mwanzo mpaka mwisho. Kwake huo haukuwa muziki, ulikuwa mafua yaliyotiwa nyuzi.

"Kila jioni nampigia mwenyewe," alisema mama mkubwa, akamwonyesha vidole vilivyovimba viungo. "Leo havikunjiki. Upige polepole, kama mtu anayetembea amechoka. Ufunguo wa G, usipandishe. Na uimbe kwa huzuni."

"Nani anasikiliza?"

"Baba yako mkubwa. Anakuja kukaa barazani. Ukali wake unaujua. Akiimbiwa kwa huzuni, analia kidogo, anaenda zake. Anakuwa vile anavyoimbiwa."

Bibi wa watu kachanganyikiwa, aliwaza Fundi Nyuzi. Akalitwaa gitaa ukutani, akabana kibanio kwenye shingo yake, sauti ikapanda juu. Akaukimbiza wimbo mbio kama ngoma ya harusi, akiimba kwa pua, akimkejeli yule mwanamume na machozi yake.

Nje, nyayo zikaanza.

Zilikuja haraka... kila pigo la gitaa, hatua moja. Harufu ya tumbaku ikaingia, na nyuma yake harufu ya udongo mbichi.

"Punguza," mama mkubwa alinong'ona. "Mwanangu, punguza."

Hakupunguza. Jirani huyo, alijiambia, kafuata muziki.

Mlango ukafunguka wenyewe.

Mtu alicheka. Alicheka kwa pua, juu kabisa, kwa ufunguo uleule wa gitaa. Mlangoni hapakuwa na mtu. Lakini kichwa cha mama mkubwa kilishikwa kisogoni, kikainamishwa, mpaka paji la uso likagonga meza. Kikainuliwa. Kikagonga tena, kwa mwendo wa wimbo. Mama mkubwa hakupiga kelele. Alifumba macho tu, kama mtu ambaye mkono huo anaufahamu tangu ujana wake.

Fundi Nyuzi akaacha kupiga. Kicheko hakikuacha.

Ndipo kiburi chote kilipomtoka. Aling'oa kibanio, akashuka hadi G, akaanza upya polepole, na safari hii alilia kweli, makamasi na machozi pamoja. Kicheko kikafifia. Kichwa cha mama mkubwa kikaachiwa. Nyayo zikaburutika hadi barazani, kiti kikalia, na mtu huko nje akaanza kulia kwa kwikwi... mpaka wimbo ukaisha na pakawa kimya.

Mama mkubwa alijifuta damu puani. Alimtazama kijana wake kwa dharau ambayo hata mashabiki waliowahi kumzomea hawakuwa nayo.

"Umeimba kunishinda mimi," alisema. "Amekupenda. Beba gitaa lako uende."

Kesho yake, jua likizama, Fundi Nyuzi alikuwa kwake, gitaa liko pembeni hajaligusa. Kiti cha barazani kwake kikalia. Harufu ya tumbaku ikapita chini ya mlango. Akapiga simu.

"Mama mkubwa... leo amekuja huko?"

"Hajaja. Nimeshafunga mlango, nalala." Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyepumzika. "G, mwanangu. Polepole."

Simu ikakatika.

Akalinyakua gitaa. Akaimba chini, taratibu, akiyaamini maneno yote ya kipuuzi ya yule mwanamume aliyeachwa. Nje kwikwi ikaanza. Ilikuwa inakwenda vizuri. Alianza hata kupumua.

Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama kusikiliza. Tangu waoane walikuwa wakiicheka pamoja miziki ya namna hii. Akaangua kicheko. Akabana pua, akauigiza wimbo mbio mbio, juu kabisa.

Barazani, kilio kikakoma.