Rafiki Alinisomea Vitabu, Akaniponza

Nina umri wa miaka ishirini na tisa mwaka huu wa 1973, mkulima wa pamba hapa Kisesa. Haya nayasema tu, anayeandika ni mpwa wangu. Mkifika mwisho mtajua kwa nini!

Nilimaliza darasa la nane Uhuru ukiwa bado haujafika. Nilifaulu... lakini kusoma sikujua! Msishangae. Nilikuwa na masikio makali. Mwalimu akisoma ukurasa mara mbili, mimi nimeshaukariri neno kwa neno. Nafungua kitabu, najifanya nasoma, naye ananisifu. Mitihani ya kuandika nilinakili kwa jirani, herufi kwa herufi kama anayechora.

Ulipofika wakati wa kuchagua chuo, tuliulizwa: ualimu au uuguzi? Nikawaza, mwalimu husoma mbele ya watoto kila siku, nitaumbuka. Muuguzi anafunga vidonda, basi! Nikachagua uuguzi. Jamani, ujinga gani ule?

Baba yangu alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mahari yangu. Ili nisome, aliwarudisha wote! Baba zangu wadogo walimjia juu, wakasema amerogwa. Yeye akawajibu kwamba binti yake atavaa kofia nyeupe hospitali. Sasa ningerudi kwake na nini, kama si cheti?

Kumbe chuoni ndiko kwenye vitabu vinene kuliko vyote! Nililia wiki nzima. Mwishowe nikamweleza siri yangu Modesta, msichana wa Ukerewe niliyekaa naye chumba kimoja. Tukapatana: mimi nimfulie nguo, yeye anisomee kila jioni. Nilifua kwa furaha! Mtihani wa kwanza ulikuwa wa mdomo, nikawa wa pili, Modesta akawa wa tisa. Akaanza kuninunia, nami sikutilia maanani.

Mtihani wa kumaliza mwaka nao ulikuwa wa kujibu kwa mdomo. Mwalimu wetu, mama mmoja mkali, aliniuliza mtoto wa miaka miwili mwenye malaria apewe dawa kiasi gani. Nikajibu kwa sauti, vilevile alivyonisomea Modesta. Mwalimu akashika kichwa, akasema mtoto huyo ningemuua! Nikabisha kwamba ndivyo kitabu kinavyosema. Akakifungua, akakiweka mbele yangu.

"Haya, soma."

Nilisimama... Nikageuka kumtazama Modesta, naye akaangalia dirishani. Ndipo nilipoelewa kwamba alinisomea uongo makusudi! Lakini ningemshtaki vipi bila kusema kwamba sijui kusoma? Mwishowe mwalimu akakifunga kitabu mwenyewe.

Nilifukuzwa, nikapewa barua nimpelekee baba. Naye hakujua kusoma. Alipoiona bahasha yenye muhuri wa chuo alifurahi, akawaita baba wadogo wote, wakakaa uani.

"Wasomee, mwanangu. Wasikie wenyewe!"

Ole wangu mimi! Nilipiga magoti, nikamwambia, "Baba, nisamehe. Sijui kusoma." Alidhani natania. Akacheka... akawatazama ndugu zake, na hakuna aliyecheka naye.

Wazazi wenzangu, kabla hamjamuuliza mtoto anataka kusomea nini, mpeni kitabu asichowahi kukiona, asome mbele yenu. Nanyi wanafunzi, msichague chuo kwa kukikimbia kitabu. Mwambieni mwalimu ukweli mapema, aibu ikiwa bado ndogo!

Baba alifariki mwaka uliofuata. Hakuniuliza neno hata moja kuhusu siku ile, nami sikupata nguvu ya kumweleza. Mpaka leo sijui kama alikufa akiniona mjinga au mwongo.