Fuwele za Nyanchera

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyanchera alichungulia chupa ya jemu iliyokaa dirishani. Mdogo wake Mokeira, mwenye miaka mitano, alimfuata akiwa ameshika sketi yake.

"Imeota, dada?"

"Imeota kidogo. Usiguse!"

Mwalimu Okemwa alikuwa amewaagiza wanafunzi wa darasa la sita katika shule ya Sironga wakoroge chumvi katika maji ya moto mpaka ikatae kuyeyuka, waning'inize uzi humo, kisha wasubiri. Chumvi ingejishika kwenye uzi na kuwa vipande vyenye pembe, viitwavyo fuwele. Mama alikuwa ametoa kikombe kizima cha chumvi, tena shingo upande.

"Haya, chukua. Lakini mchezo wa chumvi sitaki!"

Kufika Ijumaa, punje zilikuwa zinameta kwenye uzi. Lo, Nyanchera alivyofurahi! Lakini Ijumaa ni siku ya maandalizi. Sabato ikiingia jua linapotua, kazi zote husimama, kwa hiyo sharti nyumba iwe imefagiliwa na vyombo vimeoshwa. Na Sabato hii haikuwa ya kawaida. Familia ilikuwa inakwenda makambini, kwenye mkutano mkubwa wa ibada wa Wasabato, na Mokeira alikuwa ameshonewa gauni jipya, la kwanza maishani mwake ambalo hakurithi kwa dada yake.

"Nyanchera, osha vyombo vyote," Mama aliagiza, akaenda kukata ndizi shambani.

Nje, wenzake walikuwa wakiruka kamba. Nyanchera akamsukumia Mokeira beseni.

"Osha wewe. Kila chombo, umesikia?" Akatoka mbio.

Mama aliporudi, aliikuta ile chupa imeinamishwa juu ya kichanja, tupu.

"Nani amemwaga chumvi yangu?"

"Mimi!" Mokeira alijibu kwa fahari. "Ilikuwa na uchafu mgumu, Mama! Nimesugua na majivu mpaka ukatoka wote."

"Si nilikataza mchezo wa chumvi? Basi kesho huendi makambini. Utabaki na nyanya yako."

Mokeira akaangua kilio. Nyanchera, aliyefika akihema, alisimama mlangoni. Fuwele zake zilikuwa zimekwisha, na hasira ilimwambia anyamaze tu, kwani aliyemwaga si yeye. Lakini alipomwona mdogo wake akijifuta machozi kwa mikono yenye majivu, alishikwa na aibu.

"Mama, usimwadhibu. Vyombo uliniagiza mimi. Nilimwachia Mokeira nikaenda kuruka kamba. Mimi ndiye niliyemwambia aoshe kila chombo."

Mama alimkazia macho. "Kumbe! Mokeira, kaoge, kesho tunakwenda wote. Na wewe Nyanchera, vyombo vya wiki nzima ijayo ni vyako."

Jumapili asubuhi Mama mwenyewe alichemsha maji na kuleta chumvi nyingine. Ilipofika Alhamisi, uzi ulikuwa umejaa fuwele, nyingine kubwa kama punje za mtama. Mokeira alirukaruka akipiga makofi.

"Mama, kwa nini ulinipa chumvi tena?" Nyanchera aliuliza.

"Kwa sababu ulisema kweli ingawa ilikuuma," Mama alijibu. "Chumvi ikimwagika, tunanunua nyingine. Lakini mdogo wako angekosa makambi kwa kosa lako, ungemnunulia wapi? Kazi ukipewa, ifanye mwenyewe. Na ukikosea, useme mwenyewe, asiadhibiwe mtu mwingine kwa ajili yako."