Mkono wa Wakarima

Mwaka ule wa njaa, themanini na nne, tukikula unga wa njano, Wakarima wa Gatina alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akichunga unga. Mpangaji wake, Nabwire, ndiye alimletea unga huo, gorogoro moja, ule mkebe wa kupimia. Jua lilikuwa zuri. Nguo ziko kwa kamba.

Mara mkono wake wa kushoto, ule hauna kidole cha mwisho, ukajirusha. Chungio likaruka. Akaushika na wa kulia, ukamshinda. Ukajirusha tena na tena, kama wa mtu anafukuza nyuki.

Hospitalini daktari akasema kamshipa kadogo kameziba ndani kabisa ya kichwa.

"Akilala utatulia. Mpatieni wakati."

Lakini kesho yake, wakiwa wamemrudisha nyumbani, kijana wake Githinji akaona kitu ingine. Kila mkono ukiruka, unaelekea mlango wa Nabwire.

"Mama anatuonyesha mchawi. Unga ya nani alikuwa anachunga?"

Wakageuza kiti chake, Wakarima akaangalia ukuta. Mkono ukazunguka nyuma ya mgongo. Ukaelekea kule kule.

Wapangaji wengine wakaanza kutupa vitu vya Nabwire nje. Sufuria. Godoro. Mtu akaokota jiwe.

"Shosho," Nabwire akamnong'oneza Wakarima, mtoto mgongoni, "waambie. Wataniua."

"Si mimi naonyesha!" Wakarima akalia.

"Mmesikia?" Githinji akasema. "Si yeye. Kuna mtu anauendesha."

Wakarima akakumbuka maneno ya daktari. Akajikokota mpaka kwa lile godoro, akalala hapo hapo uani, mbele ya macho ya wote.

"Niimbie, mama," akamwambia Nabwire. "Kama unavyoimbia huyo mtoto."

Nabwire akaimba. Mkono ukaruka. Ukaruka kidogo. Ukaanguka kifuani.

Wakarima alikuwa amelala.

"Uchawi gani hii," Khaemba fundi wa viatu akauliza, "inalala saa nane mchana?"

Mtu akacheka. Jiwe likaanguka chini. Githinji mwenyewe, macho chini, akarudisha sufuria.

Jioni Nabwire akaingia kwake, akafunga mlango. Akasimama hapo.

Ndani ya mlango, usawa wa kifua, kulikuwa na alama ya kiganja. Unga wa njano. Vidole vinne.

Wakarima hakuwa ameingia nyumba ile hata siku moja. Na huo mkono ulikuwa umeoshwa na sabuni tangu jana.

Nabwire akaugusa ule unga. Ulikuwa na joto.

Akaufuta na maji moto, hakuambia mtu. Kufika Krismasi Wakarima alikuwa amepona, anachunga unga wake vizuri tu.

Na kwa mlango wa Nabwire, kwa ndani, alama zilikuwa zimerudi, sasa mbili.