Skafu Haifuliwi Katikati ya Msimu

Foleni ya pai kwenye uwanja wa Rovers haina adabu hata chembe. Lidia Zerafa alikuwa amebakiza mtu mmoja tu kulifikia dirisha pale kiwiko kilipomgonga mgongoni, na sosi ya nyanya ikatua begani mwake, juu ya koti lake jeusi la sufu.

"Mama yangu!" alimaka mwanamume nyuma yake. "Dada, nisamehe. Nimekuua."

Lidia aligeuka. Alimwona mtu mrefu, ndevu hazijanyolewa vizuri, jezi ya bluu na njano imembana tumbo, buti za kazini zina vumbi la reli. Mkononi alishika pai iliyopasuka.

"Si kitu," alisema Lidia.

"Si kitu? Koti limekuwa kama la mchinja nyama! Nitukane kidogo basi, roho yangu itulie."

"Sina matusi leo."

"Hata la akiba?"

Mwanamke mwingine angecheka. Lidia alitambua kabisa kwamba maneno yale yanachekesha, ila kicheko chenyewe hakikuja. Alijifuta bega kwa karatasi, akanunua chai, akapanda ngazi kwenda mahali pake.

Tangu Julai alikuwa hivyo. Baba yake, mzee Salvu, alizikwa siku ya mvua, na watu wote wa mtaa wao wa St Albans walilia isipokuwa binti yake. Aliwapokea wageni, akagawa pastizzi, vile vipai vya jibini vya Kimalta, akaosha vyombo. Kesho yake alirudi kazini kwenye kliniki ya meno, akaendelea kumshikia daktari vifaa na kuwaambia wagonjwa maneno yale yale ya kila siku: usitafune upande huo mpaka ganzi iishe. Ya kwake haikuisha. Na neno "amekufa" alikuwa hajalitamka hata mara moja.

Alipofika kwenye mstari wao wa viti aliitandika skafu juu ya kiti cha baba. Ilikuwa skafu ya kijani na nyeupe, nayo haikuwa ya Rovers. Ilikuwa ya ile klabu ya Wamalta iliyocheza ligi kuu kabla ligi haijavunjwa na kuundwa upya, klabu za wahamiaji zikasukumwa chini. Mzee Salvu alinuna, akaapa hatakanyaga uwanja tena. Kisha siku moja alimshika binti yake mkono, wakaja kwa Rovers, skafu ya zamani shingoni. Nchi hii mioyo ya watu iko kwenye mpira wa yai, ule wa kukimbia nao mikononi. Soka ni mtoto wa kambo. Anayeipenda lazima awe mbishi, na mzee yule alikuwa mbishi kuliko punda.

Skafu ilinuka tumbaku, mafuta ya nywele, jasho na jibini. Haikuwahi kufuliwa, maana kila shabiki wa hapa anajua kwamba skafu haifuliwi katikati ya msimu. Ukiifua umeifua na bahati. Mzee Salvu alizidisha: hakuifua hata msimu ulipokwisha. Kila asubuhi Lidia aliinusa, akingoja machozi. Hayakuja, lakini maadamu harufu ilikuwepo aliamini siku moja yatakuja. Hilo ndilo tumaini pekee alilobaki nalo.

"Hapa kuna mtu?"

Alikuwa mtu wa sosi. Tiketi yake ya msimu ilikuwa ya kiti cha upande wa pili wa kile chenye skafu.

"Yupo," alisema Lidia. "Ameenda msalani."

Mtu yule akaketi mahali pake. Dakika tisini zikaisha, Rovers wakatoka sare, na watu wakaanza kuondoka.

"Samahani, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ndugu huko msalani ni mzima kweli? Nikamwangalie?"

Bi Concetta, mwanamke wa kizee aliyekaa nyuma yao miaka yote, alimpiga mtu yule begani kwa programu ya mechi. Kisha akainama na kumnong'oneza. Uso wa mtu wa sosi ulibadilika rangi. Aliivua kofia yake mbele ya kile kiti kitupu, akaivaa tena.

Jina lake lilikuwa Darko Stojkov, fundi umeme wa reli, mtalaka, anaishi mtaa wa Sunshine na mama yake. Mechi iliyofuata alikuja na burek ya mama yake, pai ya tabaka nyembamba, iliyofungwa kwenye taulo, akamega vipande na kumpa Lidia kwa kukipitia kile kiti, akijihadhari asiiangushie skafu hata punje.

"Hii ni ya nyama, hii ya jibini. Chagua kwa hekima."

"Pastizzi ni tamu zaidi."

"We mwanamke! Mama yangu akisikia atalazwa hospitali."

"Mwambie ukweli haulazi mtu."

Lidia alijishangaa. Utani ule ulimtoka wenyewe.

Wakaanza kupigiana simu. Darko alipiga mchana akiwa juu ya nguzo, upepo ukivuma kwenye simu.

"Roho yangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe shuka kwanza huko."

"Nikishuka sikuoni."

"Hata ukiwa huko hunioni, mwongo wee."

"Naiona Footscray yote. Ile kliniki yenye paa bovu si yenu?"

Desemba walikwenda kula tambi kwa Wavietnam wa Footscray. Lidia alivaa gauni la rangi ya parachichi na hereni za marehemu mama yake. Darko alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alimshika mkono juu ya meza.

"Mbona huniambii kitu?" aliuliza. "Unanipenda, hunipendi, nikae, niondoke?"

"Nina ganzi, Darko. Nikikuambia nakupenda nitakuwa nabahatisha."

"Ganzi huisha. Si wewe unayewaambia wagonjwa?"

"Siwaambii kwamba ikiisha ndipo panauma."

"Basi nitangoja pale pale panapouma," alisema, akamwekea nyama yake kwenye bakuli.

Kosa moja tu alilifanya Darko siku zile. Januari, jua likiwaka mpaka viti vinaunguza mapaja, aliinusa hewa akacheka: "Mpenzi, ile skafu ya mzee itatembea yenyewe siku moja." Lidia aliyaweka moyoni maneno yale.

Mechi iliyofuata mvua kubwa ya kiangazi iliwanyeshea. Darko alimrudisha kwa gari lake la kazi, na Lidia akashuka akikimbilia mlangoni, skafu imebaki kwenye kiti cha nyuma. Alipompigia, Darko akamwambia, "Usijali. Nimeianika nyumbani, kesho jioni ninayo mlangoni kwako."

Alikuja kweli. Skafu ilikuwa imekunjwa vizuri, nyeupe yake imekuwa nyeupe na kijani yake imekuwa kijani. Lidia aliipeleka puani. Ilinuka sabuni ya maua.

"Imefuliwa," alisema.

"Lidia..."

"Nani kaifua?"

Darko angeweza kusema. Lakini mtu hamsimangi mama yake mlangoni kwa watu, na hata hivyo ni yeye aliyeianika bila kutoa onyo.

"Kosa ni langu," alisema.

"Ulisema itatembea yenyewe."

"Nilikuwa natania, roho yangu!"

"Sawa."

"Nifokee basi! Nipige!"

"Sawa, Darko. Usiku mwema."

Alifunga mlango taratibu. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akiingoja hasira, nayo haikuja. Alijiambia tu, kama anayesoma ubao wa kituo cha treni, kwamba yule mtu alichoka kugawana nafasi na mzee, akaamua kumfuta. Asubuhi aliituma skafu kwa posta kwenye anwani ya Darko, Sunshine. Haikuwa ya baba tena, ilikuwa kitambaa.

Hakwenda uwanjani tena. Simu za Darko hakuzipokea. Kwa hiyo Darko akaanza kumwachia ujumbe wa sauti, kila mechi, akitangaza mpira. Alikuwa mtangazaji mbovu kupindukia.

"Mpenzi, ni mimi. Tunacheza na Adelaide. Yule mfupi anao mpira... kampa nani sijui... kaupoteza. Kiti cha mzee kipo, skafu ipo juu yake, hajakaa mtu. Mimi niko kwenye kiti changu. Basi."

Na mwingine: "Tumefungwa. Bi Concetta anasema ningekuwa kipa nisingefungwa hata moja kwa jinsi nilivyonenepa. Njoo unitetee."

Lidia aliusikiliza kila mmoja mara moja, akaufuta.

Aprili ikaleta baridi. Jumamosi moja mchana, kliniki ikifungwa, alikuwa stoo akipanga maboksi ya glovu pale simu ilipotetemeka na kunyamaza. Aliusikiliza ujumbe huku akiendelea kupanga. Kwanza zilikuja kelele za uwanja. Kisha sauti asiyoijua, ya mwanamke, kali na yenye kukwaruza.

"Binti? Mimi Vesna, mama yake huyu bwege. Sijawahi kuja mpira maishani, nimekuja leo kwa ajili yako, na baridi inanila mifupa. Sikiliza. Skafu nilifua mimi. Ilinuka kama beberu, nikafikiri ni yake, sikujua kama kuna mtu ndani. Kanikataza nisikuambie, eti nitaaibika. Haya, nimeaibika. Nisamehe, mwanangu."

"Mama, lete simu!"

"Ngoja! Hebu sikia... Concetta na wenzake wanafanya lile jambo lao!"

Filimbi ililia. Watu wakazomea. Halafu mstari mzima, Bi Concetta akiongoza na Darko akifoka juu ya wote, ukapiga kelele kwa pamoja:

"Kibenderaaa! Nenda nyumbani, chai inapoa!"

Boksi la glovu lilimponyoka Lidia.

Yale yalikuwa maneno ya baba yake. Msimu hadi msimu, kila mshika kibendera alipoinua mkono dhidi ya Rovers, mzee Salvu alisimama, akaizungusha skafu na kumwambia aende nyumbani, chai yake inapoa. Lidia alikuwa akiona haya, akijificha uso kwenye kola. Alikuwa ameyasahau kabisa. Miezi yote alikuwa akimtafuta baba kwenye pua, kumbe mstari mzima ulikuwa umemweka mdomoni.

Akalia. Alilia kwa sauti, kwa kamasi, akiwa amekaa sakafuni juu ya glovu, mpaka daktari akagonga mlango akiuliza nani kaumia.

"Mimi," alisema Lidia.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa na timu ya Perth, manyunyu yakianguka. Alipanda ngazi akiwa na koti lile lile jeusi, doa la sosi bado linaonekana begani kwa anayelijua. Darko alimwona, akasimama ghafla mpaka pai ikamponyoka. Lidia alikaa kwenye kiti chake. Kati yao kilikuwa kile kiti, na skafu juu yake.

"Umekonda," alisema Darko.

"Wewe hujakonda."

"Mama anakusalimu. Anauliza kama..."

"Darko. Sogea."

"Nisogee wapi?"

"Hapo."

Alikitazama kiti, akamtazama yeye. "Na mwenyewe?"

Lidia alivuta pumzi.

"Mwenyewe hayuko msalani. Amekufa. Baba yangu amekufa, Darko."

Bi Concetta nyuma yao akafanya ishara ya msalaba. Darko aliiinua skafu kwa mikono miwili, asijue aiweke wapi, na Lidia akaichukua akaivaa shingoni. Ilinuka sabuni ya Vesna. Darko akasogea, akaketi polepole kama anayehofia kiti kitavunjika. Lidia aliushika mkono wake na kuupachika kwenye mfuko wa koti lake.

"Nakupenda," alimwambia. "Leo sibahatishi."

Kabla Darko hajajibu, mshambuliaji wa Rovers alichomoka peke yake, uwanja ukainuka, na mkono wa mshika kibendera ukapanda juu. Lidia alikuwa tayari amesimama, skafu inazunguka hewani.

"Kibendera!" alifoka. "Nenda nyumbani..."

Sauti ikamkatika hapo. Darko akamalizia, na mstari wote nyuma yake.

Rovers walifungwa mawili bila siku ile. Ilimuuma Lidia kweli kweli, akalalamika njia nzima mpaka St Albans.