Ushindi Alioukataa Mwinshehe

Mwaka 1884, soko la Bagamoyo lilipofurika wapagazi waliotoka bara, Mwinshehe, nyapara wa msafara wa pembe, alisukumwa akaukanyaga mkeka mpya wa Ashatu, binti msusi wa mikeka.

"Bwana, huna macho?"

"Nilikuwa nayo mpaka nilipokuona."

"Maneno unayaweza. Na bao je?"

Ashatu, aliyejifunga leso nyekundu kifuani, alivuta bao lililokuwa kando ya mikeka yake. Kitambo kidogo tu, safu ya mbele ya Mwinshehe ikakauka, isibaki hata kete moja.

"Hamna!" binti akatangaza ushindi wake.

Tangu hapo, kila alasiri Mwinshehe alikuja kushindwa kwenye baraza ya Mzee Mwinyimvua, mjomba wake Ashatu.

"Bwana wee, unasambaza kete au unawamwagia kuku mtama?"

"Cheka tu, mpenzi. Siku nitakayokushinda ndiyo nitakayoleta posa."

Mwinshehe aliyasema hayo mbele ya mjomba, na hakuwa mtu wa kulivunja neno lake.

Msafara ukapangiwa kuondoka Ijumaa kwenda Tabora. Alhamisi wakacheza, na Mwinshehe akashinda. Mjomba alipiga makofi. Mshindi hakutabasamu.

"Ashatu, ulikuwa na njia mbili za kula. Moja ingenikausha. Umechagua ile ya kete moja."

"Nimeghafilika."

"Wewe hughafiliki."

"Basi nilitaka unipose kabla hujaondoka! Ni kosa?"

"Umenituliza kama mtoto anayepewa kitumbua ili anyamaze. Ukinidanganya leo kwa huruma, kesho nitakuamini kwa lipi?"

Akaondoka bila kuaga.

Miaka miwili ikapita. Kila ngoma ya msafara iliposikika, Ashatu aliacha ukili aliokuwa akiusuka, akatafuta mwendo wa mtu mmoja kati ya mamia. Wachumba wawili aliwarudisha. Huko bara, Mwinshehe alichimba vishimo ardhini kila kambi, akacheza peke yake pande zote mbili. Upande wa Ashatu ndio uliokuwa ukishinda.

Mwinshehe alirejea barazani amekonda, shuka limepauka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Ashatu hakumtazama. "Umejifunza?"

"Kidogo."

"Sikuachii hata kete."

"Ndicho nilichokijia."

Walicheza mpaka adhana ya alasiri. Kwa mara ya kwanza mkono wa Ashatu ulisita hewani, ukitafuta njia. Akaiona. Alijua kwamba akila pale ameikata posa yake mwenyewe. Akala.

"Hamna," alisema, sauti ikimkatika.

Mwinshehe aliitazama safu yake tupu, kisha akamgeukia mzee.

"Mjomba, neno langu lile lilikuwa la kiburi. Nalivunja mbele yako. Nimeshindwa, na ninamtaka Ashatu."

"Hata nikikufunga kila siku?" akauliza Ashatu.

"Kila siku, mpenzi. Mradi iwe kwa haki."

Mzee Mwinyimvua alikohoa. "Mtu hajiposei. Nenda Kaole ukawalete wazee wako."

Ashatu alijifuta macho kwa pindo la leso. "Na usichelewe, bwana, kama ulivyochelewa kurudi kutoka bara."